Naomba ushauri: sukari ya mama inapanda alfajiri kabla hajala chochote

Habari zenu wakuu. Mama yangu ana kisukari aina ya pili, tunaishi Igoma hapa Mwanza. Anameza metformin, vidonge vya kushusha sukari, asubuhi na jioni, hakosi. Kinachonitesa ni kipimo cha asubuhi: analala na sukari ya 7 au 8 (mmol/L), anaamka na 10, wakati mwingine 11, hajaweka kitu mdomoni. Mchana inashuka vizuri tu.

Nesi wa kliniki alitueleza kwamba kuelekea alfajiri mwili hutoa homoni za kuuamsha, ini nalo linamwaga sukari kwenye damu, na insulini ya mgonjwa haitoshi kuidhibiti. Akasema tupime saa tisa usiku, maana ikiwa chini sana saa hizo sababu ni nyingine. Tumepima, haishuki. Kila usiku hatuwezi, vipande vya kupimia ni ghali.

Usiku anakula ugali wa muhogo kwa sato au dagaa, saa tatu hivi. Mimi nashuku wingi wa ugali na huo muda. Ila kumwambia mama wa Kisukuma alale bila ugali, jamani, ni kumnyima raha yake.

Kwa mliopitia hili: kula mapema, saa moja, kulisaidia? Kutembea kidogo baada ya kula je? Jirani anasisitiza tuache vidonge tumpe mlonge, hilo sikubali. Kliniki ni wiki ijayo, nisaidieni pia maswali ya kumuuliza daktari.