Kikundi cha ukoo: fidla ya Rukia

Mama Rukia: Asalaam alaykum. Rukia karudi mazoezini macho mekundu. Mwalimu kamkatiza mbele ya wenzake, ati anapachika vionjo ambavyo havimo kwenye noti. Kasema fidla haishiki tena.

Bibi: Waalaykum salaam mwanangu. Mwache alie kwanza.

Kaka Idi: Pole yake. Lakini na mwalimu tumsikilize, noti zimeandikwa zifuatwe.

Mjomba Tanga: Dada, kabla hujaifungia hiyo fidla kabatini, msimulie habari za Regina Carter. Mpiga fidla wa jazi, kazaliwa Detroit, Marekani, 1966. Namsikiliza miaka sasa.

Mama Rukia: Simjui kaka. Nieleze.

Mjomba Tanga: Ana miaka 2 tu, kaka yake anafundishwa kinanda. Mtoto akajongea akaupiga ule wimbo kwa sikio, mwalimu akamchukua naye. Baadaye, siku ya onyesho, wimbo umefika mwisho, akamalizia kwa noti isiyo yake. Makusudi kabisa! Unadhani mwalimu alifanyaje?

Shangazi Asha: Kama mwalimu wetu wa madrasa, bakora 😀

Mjomba Tanga: Wala. Alishauri mtoto ahamie kwenye fidla, kwa mtindo wa Suzuki. Mtindo ule mtoto anaanza kwa kusikiliza na kuigiza, noti anazisoma baadaye. Akaanza ana miaka 4.

Bibi: Basi ndiyo njia ya marehemu baba yenu. Aliketi nyuma ya wazee wa taarabu usiku kwa usiku, kimya, hana ruhusa ya kugusa kitu. Nyimbo zilipomkaa kichwani ndipo wakampa upinde.

Mjomba Tanga: Naam mama. Nami nilipomsoma huyu Carter nilimkumbuka baba.

Kaka Idi: Kwa hiyo noti hakuzisoma?

Mjomba Tanga: Alizisoma sana, na hilo Rukia alijue. Sekondari alikuwa Cass Technical, kisha chuo cha muziki cha New England Conservatory kule Boston, fidla ya klasiki. Ila shuleni alikuwa na rafiki yake, Carla Cook, ambaye baadaye alikuja kuwa mwimbaji wa jazi. Ndiye aliyemsikilizisha santuri za Jean-Luc Ponty na Stéphane Grappelli, wapiga fidla wa jazi. Grappelli ni yule Mfaransa wa kikundi cha Paris cha 1934 na mpiga gitaa Django Reinhardt: fidla, magitaa na besi, hakuna ngoma. Msichana akaona kumbe fidla inaweza kusema hivi pia! Akaondoka Boston, akarudi Michigan, jimbo la kwao Detroit, kusomea jazi.

Shangazi Asha: Na riziki je? Maana Mama Rukia hapo ndipo roho inapomuuma.

Mama Rukia: Wifi umenisemea.

Mjomba Tanga: Haikuja upesi. Alifundisha Ujerumani, akapiga na Straight Ahead, bendi ya wanawake watupu ya Detroit, kisha akahamia New York 1991. Mwaka 2006 akapata tuzo ya MacArthur, dola 500,000, zinalipwa kwa miaka 5 bila sharti.

Mjomba Tanga: Lakini ninachotaka Rukia asikie ni cha Genoa, Italia. Mji ule una fidla ya Paganini, mpiga fidla mashuhuri wa zamani, iliyotengenezwa na fundi Guarneri 1743. Mwenyewe aliiita Mzinga kwa ukali wa sauti yake, akauachia mji wake. Inatunzwa kama amana, haiguswi na mtu hivi hivi. Mwaka 2001 Carter akaalikwa aipige. Wapo waliokasirika, wakaona jazi itaivunjia heshima.

Bibi: Akaogopa?

Mjomba Tanga: Alikwenda mama. Desemba ile akaipiga. Hakuna mpiga jazi aliyewahi kuipiga kabla yake, wala Mmarekani Mweusi. Na wakamruhusu kurekodi nayo albamu nzima, ikatoka 2003. Yule yule aliyeharibu noti ya mwisho utotoni!

Kaka Idi: Subhanallah.

Mjomba Tanga: Na kafika hadi jirani zetu. Albamu yake ya 2010 ni ya nyimbo za Afrika, kora, kinubi cha Afrika Magharibi, na akodioni pembeni ya fidla. Mna wimbo wa Abayudaya, Wayahudi wa Uganda. Nikiusikia nahisi fidla imerudi kijijini.

Mama Rukia: Kesho nitakwenda kwa mwalimu, kwa adabu. Darasani apige kilichoandikwa. Nyumbani, baada ya mazoezi, nusu saa iwe yake na vionjo vyake.

Kaka Idi: Hapo sawa dada. Nami nyuzi mpya nitanunua, zile za sasa zimechoka.

Bibi: Mwambie fidla ya babu yake bado iko chini ya kitanda changu. Nilikuwa nangoja mtu.

Mama Rukia: Hapa ni Rukia, natumia simu ya mama. Shikamoo bibi, shikamooni wote. Mjomba nitumie huo wa Uganda.

Mjomba Tanga: Marahaba mwanangu. Nakutumia sasa hivi.

Mama Rukia: Kalifungua kasha. Anapaka ulimbo kwenye upinde.