Tupeane uzoefu: mara ya kwanza uko peke yako kwenye mji wa nje ya nchi

Binti_Igoma:
Wakuu habari za jioni. Mwezi ujao natoka hapa Mwanza kwenda Kampala kufuata mzigo, peke yangu. Sijawahi kuvuka mpaka, safari zangu zote zimeishia Dar. Pasi ninayo, kadi ya homa ya manjano ninayo, mambo ya karatasi nimeshauliza. Ninachotaka ni mikasa yenu: ulipofika mji ambao humjui mtu, ulimwamini nani? Wale wa "mtangulize Mungu" asanteni mapema, nimeshamtanguliza.

Mwana_wa_Kagera:
Dada, hiyo njia ndiyo niliyopita mimi, Bukoba halafu Mutukula. Ninyi mna raha, tangu Juni 2025 mnapita juu ya daraja la Kigongo–Busisi. Sisi tulikuwa wa kivuko, na foleni ikiwa ndefu basi ratiba yote imekufa.

Mpakani penyewe hapana shida, ofisi za nchi zote mbili ziko pamoja. Shida ni ukitoka nje: wabadilisha fedha, wapiga debe na wabeba mizigo, wote wanakujua kwa jina la "rafiki". Nilibadilisha hela ya nauli na chakula tu, basi. Halafu kumbuka shilingi yao ni nyepesi kuliko yetu, ukitajiwa elfu hamsini usizimie, piga hesabu kwanza.

Kwenye gari nilikaa na mama mmoja mtu mzima. Nikamsalimia kwa Kihaya, akajibu kwa Kiganda, tukaenda hivyo hivyo. Tulipofika Lukaya wauzaji wakavamia madirisha, huyu kashika kuku wa kuchoma kwenye kijiti, huyu ndizi, huyu soda. Mimi nishatoa noti. Yule mama akanipiga kofi la mkono, akatoa kichwa dirishani akafoka, bei ikashuka palepale. Kampala tukaingia giza limeshakolea. Yeye ndiye aliyeongea na bodaboda, akapatana nauli, akaandika namba ya pikipiki kwenye kiganja chake kwa kalamu huku dereva anamwangalia. Nikafika loji salama.

Kwa hiyo jibu langu: mwamini mtu uliyekaa naye safari nzima na hajakuuliza umebeba shilingi ngapi.

Komando_Nyegezi:
Sikubaliani na mkuu hapo juu hata kidogo. Matapeli wa safarini ndio hao hao wa siti ya jirani, tena wanakuja na biskuti. Ukipewa kitu cha kula na usiyemjua, pokea, shukuru, tia kwenye mkoba. Mimi ugenini namuuliza mwenye duka. Mwenye duka hana pa kukimbilia, kesho utamkuta palepale.

Mwana_wa_Kagera:
Hakunipa biskuti, alinipa kofi.

Ngosha_Magu:
😂😂 Mimi ni Kigali, nilienda kwa usaili wa kazi. Wenzetu wako nyuma yetu kwa saa moja. Simu ilijirekebisha yenyewe ila mimi nikafuata saa ya mkononi, nikafika mlinzi ndiyo kwanza anafungua geti. Tukaishia kunywa chai pamoja, na huyo mlinzi ndiye mtu wangu wa kumuuliza kila kitu mpaka naondoka.

Mengine kwa haraka: wanaendesha upande wa kulia, kuvuka barabara angalia pande zote mara mbilimbili. Mifuko ya plastiki marufuku tangu 2008, nilivuka Rusumo na samaki wa mama wamefungwa kwenye gazeti. Na Jumamosi ya mwisho wa mwezi asubuhi ni umuganda, watu wako kwenye kazi za jamii na maduka yamefungwa, usipange kufika muda huo una njaa.

Jamaa_wa_Kisumu:
Mimi yangu ni kinyume, Mwanza ndiyo ilikuwa ugenini. Nilipanda matatu hadi Isebania, nikavuka Sirari, nikaingia kwenu usiku. Nikaona mataa yamepangana hadi juu kabisa, nikajiambia kumbe hawa watu wako na maghorofa hivi! Asubuhi nafungua dirisha, ni nyumba za kawaida zimekaa juu ya mawe, na kijana anashuka katikati yao na baiskeli begani.

Kile kilinisumbua ni upole wenu. Nilimwambia konda "nishushe hapo", daladala nzima ikanigeukia. Mzee mmoja akanishika bega: "Kijana, omba kushuka." Tangu hiyo siku yeye ndiye nilimwamini, akanipeleka hadi mlangoni pa gesti.

Komando_Nyegezi:
Karibu tena jirani. Uje umeshafanya mazoezi ya kuomba.

Mama_Makoroboi:
Mnaongelea majirani ninyi. Mji wangu wa kwanza nje ulikuwa Guangzhou, kufuata mzigo kama wewe binti yangu. WhatsApp haifunguki, Google haifunguki, vibao vyote Kichina. Nilichoshika ni kadi ya hoteli yenye anwani kwa maandishi yao, namwonyesha dereva teksi, sisemi neno. Siku moja niko mtaa wa Xiaobei nikasikia mwanaume anagombana kwenye simu kwa Kisukuma. Sijawahi kufurahia ugomvi wa watu kiasi kile! Nilimsubiri amalize kutukana, nikamwamkia.

Binti, hujasema unafuata mzigo gani.

Binti_Igoma:
Shikamoo mama. Mitumba ya watoto, nimeambiwa soko la Owino.

Mama_Makoroboi:
Marahaba. Owino nenda asubuhi, mkoba uvae mbele, na hela usiziweke pamoja zote. Wakifunga mzigo simama wafunge mbele yako, usiende kula ukaurudia. Na bei ya kwanza usiijibu, geuka uangalie nguo nyingine.