Mikutano ya wikiendi ya wakusanyaji wa sarafu na nishani: mnatoza kiingilio, sarafu zinaharibiwa na bandia zinauzwa mbele ya macho yenu

Wakuu, kunung'unika kwenye viti vya nyuma hakujasaidia kitu, kwa hiyo naliweka hapa hadharani. Nasema na waandaaji wa hii mikutano ya Jumamosi na Jumapili, ile ya kiingilio mlangoni, mhadhara asubuhi na meza za kuuziana mchana. Mnakusanya watu ukumbi mzima, kila mmoja na rupia zake mfukoni, na ukumbini hakuna mizani. Hata moja!

Rupia ya Mjerumani, sarafu ya enzi za ukoloni wake hapa, ina uzito wa gramu 11.66, fedha ya 917 kwa elfu. Ile ya rupia mbili, iliyotolewa mwaka 1893 na 1894 tu, ni gramu 23.32, na ndiyo inayoghushiwa sana kwa sababu ni adimu. Reale ya Maria Theresa, ile sarafu kubwa ya Austria, ni gramu 28.07, fedha ya 833. Namba hizi ndizo silaha ya mnunuzi, na mizani ya kusoma sehemu ya mia ya gramu si kifaa cha anasa, mafundi sonara wote wanayo. Iwekeni meza ya mlangoni pamoja na jiwe lake la kuipimia usahihi, na mzime feni ya juu hapo au muifunike kwa boksi la plastiki, maana upepo wa feni unatosha kuyumbisha tarakimu ya mwisho.

Na uzito peke yake hautoshi. Bandia nyingi za siku hizi zina uzito sahihi, ila zimeongezwa unene. Hapo inahitajika glasi ya maji na uzi mwembamba. Pima sarafu ikiwa kavu. Weka glasi ya maji juu ya mizani, irudishe sifuri, kisha ning'iniza sarafu kwa uzi izame yote bila kugusa chini wala ukutani. Namba inayotokea ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawanya uzito mkavu kwa namba hiyo. Rupia halali itasukuma kama gramu 1.13, jibu linakuja 10.3. Ukipata 1.31, jibu ni 8.9, na hiyo ni shaba na nikeli iliyopakwa rangi ya fedha. Kazi ya dakika mbili, na kipande hakikwaruzwi. Angalia tu mapovu yaliyong'ang'ania sarafu, yanadanganya hesabu.

Badala ya hayo, mnamwacha muuzaji agonge sarafu mezani, "sikiliza mlio huo", watu wanatikisa vichwa na kutoa hela. Kugonga kunatia jeraha ukingoni, na bandia ya fedha halisi italia vilevile.

Sasa mihadhara. Mada inatangazwa "Sarafu za Afrika Mashariki ya Kijerumani". Mtoa mada anaanza na mkutano wa Berlin wa 1884, anakwenda na Carl Peters, yule mkoloni wa Kijerumani, na muda unaisha kabla hajaonyesha sarafu. Picha ni upande mmoja wa Kaiser mwenye kofia ya chuma, giza, hakuna ukingo, hakuna upande wa pili. Upande wa pili ndio unaotenganisha rupia za Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki za 1890 hadi 1902, zenye simba na mnazi, na zile za serikali za 1904 hadi 1914 zilizoandikwa Deutsch Ostafrika. Mtu aliyelipa kiingilio akiondoka hajui hilo, amefundishwa nini?

Kosa linalouma zaidi ni la miaka ya Hijria. Muuzaji anashika pesa (ndilo jina la sarafu ndogo ya shaba) ya Sultani Barghash wa Zanzibar, ile yenye picha ya mizani, anasoma 1299 na kutangaza kwamba ina zaidi ya miaka mia saba. Mtoa mada amekaa pembeni, kimya! Hiyo ni 1299 ya Hijria, sawa na 1881 au 1882. Zidisha mwaka wa Hijria kwa 0.97, ongeza 622, umemaliza. Pesa ya kampuni ya Kijerumani ingewafundisha wote kwa dakika moja, kwa kuwa ina miaka miwili juu yake: 1890 kwa upande mmoja, 1307 kwa tarakimu za Kiarabu kwa upande mwingine. Nayo ni ya kawaida sana, inapatikana kwa bei ndogo.

Ni uzembe huohuo unaoruhusu senti 5 na senti 10 zenye tundu za 1936, zenye jina la Edward wa Nane, mfalme wa Uingereza, ziuzwe kama hazina kwa sababu "mfalme alikaa chini ya mwaka". Mfalme alijiuzulu kweli Desemba 1936, lakini sarafu hizo zilipigwa kwa mamilioni. Heller 20 ya Tabora ya 1916 (heller ilikuwa senti ya rupia) nayo inaitwa dhahabu kila mkutano. Ni shaba ya njano au nyekundu, ilipigwa Tabora wakati wa vita kwa sababu meli za Ujerumani zilishindwa kuleta chenji. Dhahabu ni rupia 15 yenye tembo, gramu 7.17, dhahabu ya 750 kutoka mgodi wa Sekenke, na zilitoka 16,198 tu. Anayeuziwa moja "kwa bei ya kishkaji" bila mizani ameibiwa. Na uvumi wa matapeli, eti kuna rupia inayovuta mchele kama sumaku, ukitajwa ukumbini, mwenyekiti aukate palepale, maana huo umeshafilisi watu.

Kushika. Trei inapitishwa mkono kwa mkono safu nzima, mikono imetoka kwenye sambusa. Chumvi na mafuta ya vidole kwenye shaba, kwa joto na unyevu wa pwani, ni alama ya dole gumba isiyotoka tena. Sarafu hushikwa ukingoni, juu ya kitambaa laini, kimo cha vidole vichache kutoka mezani. Na asiyekuwa na barakoa asiongee juu ya trei iliyo wazi! Matone ya mate hayaonekani leo, baada ya miezi yanakuwa madoa meusi.

Halafu kuna "somo la kusafisha". Hili lifutwe kabisa kwenye ratiba. Mtu anasimama mbele na limao, majivu, dawa ya meno na Brasso, anasugua pesa ya 1891 mpaka inang'aa rangi ya waridi, na ukumbi unapiga makofi. Kilichoondoka pale si uchafu, ni ngozi ya sarafu. Chini ya kioo cha kukuzia utaona mikwaruzo maelfu ya upande mmoja, na mkusanyaji yeyote anayejua kazi atatoa sehemu ndogo tu ya bei. Kama lazima kufundisha, fundisheni asetoni safi, siyo ile ya kuondolea rangi ya kucha yenye manukato na mafuta. Chombo cha kioo, dirisha wazi, moto mbali, sarafu ilowe robo saa, ioshwe kwa asetoni mpya, ikauke yenyewe bila kufutwa. Inaondoa mafuta na ule ute wa kijani unaoachwa na mifuko laini ya plastiki ya PVC, mifuko ambayo, jamani, ninyi wenyewe mnaigawa kama zawadi mlangoni! Gaweni ya Mylar, plastiki isiyotoa ute, au msigawe kitu.

Kijani cha unga ni jambo jingine. Kikitoka kwa kijiti cha meno na kurudi baada ya wiki, hiyo ni chumvi inayoila shaba kutoka ndani, kawaida kwa vipande vilivyolala karibu na bahari. Hicho kitengwe na kikaushwe, kisisuguliwe.

Kwenye nishani mnafanya ubaya kimyakimya. Medali ya Vita ya Uingereza ya 1914 hadi 1918 ina namba, cheo, jina na kikosi cha askari vilivyopigwa ukingoni. Kwa familia nyingi za askari wa K.A.R. (King's African Rifles, jeshi la Waingereza Afrika Mashariki) huo ukingo ndio maandishi pekee yaliyobaki. Kipenyo chake ni milimita 36. Pimeni sehemu nne kwa kalipa ya plastiki: ikipungua au ikitofautiana, ukingo umekwanguliwa na jina limebadilishwa. Nyota za vita ya pili Waingereza walizitoa bila majina, hivyo jina lililochorwa juu ya nyota ya Afrika halithibitishi chochote. Na acheni kuruhusu seti ya mtu mmoja ivunjwe na kuuzwa kipandekipande ili faida iongezeke.

La mwisho ndilo lililonifanya niandike usiku huu. Meza ya vishaba vidogo vya Kilwa, vimerundikwa kwenye sahani, "chagua mwenyewe". Vile vina jina la sultani, Ali bin al-Hasan, Sulaiman bin al-Hasan, na maneno yenye vina, lakini havina mwaka. Njia ya uhakika ya kujua umri wake ni tabaka la udongo na mahali vilipotoka. Akishavikwangua mtu mchangani na kuvileta Dar ndani ya chupa, ushahidi umekufa. Kipande kimoja cha namna hiyo kilichopatikana Great Zimbabwe kimewaeleza watafiti mambo ya biashara ya dhahabu kwa sababu tu mahali kilipotoka panajulikana. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na kuchimba bila kibali ni kosa. Waandaaji mnaijua, maana mtoa mada wenu aliitaja asubuhi, na mchana meza ikawa imejaa.

Mwenye ratiba ya mkutano ujao aiweke hapa. Nataka kuona imeandikwa nani analeta mizani, nani anasimamia meza, muuzaji gani amekubali kurudisha fedha sarafu ikithibitika bandia na ndani ya siku ngapi, na kwamba vishaba vya Kilwa havitapangwa mezani. Vikikosekana hivyo, kiingilio msitangaze.