Fugui wa Yu Hua: anaishi, au hajafa tu?

Mtoa mada: Wakuu, nimemaliza Kuishi, riwaya ya Mchina Yu Hua ya mwaka 1993, na imenikera. Fugui, mtoto wa kabaila, anacheza kamari mpaka mashamba yote yanachukuliwa na Long'er. Mapinduzi ya kikomunisti yakaja, Long'er ndiye akapigwa risasi kwa ukabaila. Kufilisika ndiko kulikomponya Fugui! Kisha anazika mwana, binti, mke, mkwe, mjukuu. Kwenye dibaji Yu Hua anasema mtu huishi kwa ajili ya kuishi kwenyewe, si kwa jambo lingine. Hiyo ni kumzoeza mnyonge mateso. Mwanawe Youqing alikaushwa damu hospitalini ili mke wa mkuu wa wilaya apone. Wa kuulizwa yupo, lakini ukishasema "tuishi tu", nani atamuuliza?

Msomaji wa Usiku: Umeruka kurasa, mkuu. Huyo mkuu wa wilaya ni Chunsheng, mwenzake Fugui wa vitani. Mapinduzi ya Utamaduni, ile kampeni ya Mao ya kuwasaka "maadui" wa ukomunisti, yalipomgeukia, akipigwa na kutaka kujiua, Jiazhen, mke wa Fugui na mama wa Youqing, ndiye aliyemwambia ana deni la roho kwao na alilipe kwa kuishi. Alijinyonga hata hivyo. Sasa mama aliyesema vile utamwita mnyonge aliyezoea?

Bi Mkubwa: Wanangu, mnamsahau Lu Xun, mwandishi Mchina aliyemtangulia Yu Hua. Katika hadithi yake ya 1924, mjane fukara anamuuliza msomi: mtu akifa, roho inabaki? Msomi anababaika, anajibu kwamba hana hakika, anaondoka haraka. Mjane anakufa usiku huohuo au kesho yake. Karibu miaka 70 mbele, Yu Hua naye anamweka kijana msomi, mkusanyaji wa nyimbo za vijijini, ila huyu anakaa chini ya mti na kumsikiliza mkulima mpaka jua linazama. Kwangu mimi badiliko kubwa ni hilo, kuliko hata ile dibaji.

Mtoa mada: Kwa Jiazhen nakubali, shikamoo yake. Na pale Fugui anapomwitia maksai wake majina ya marehemu wote, ili mnyama adhani wenzake nao wanalima, nilifunga kitabu kwanza. Lakini nijibuni hili: mwongozaji Zhang Yimou alipotengeneza filamu ya riwaya hii mwaka 1994, mbona mjukuu alimwacha hai? Kama kuishi kwenyewe kunatosha, huyo mtoto alikuwa wa nini?