Naomba ushauri: ukijani usoni nikipiga picha chini ya mti

Habari za jioni wakuu. Mimi napiga picha za watu hapa Mwanza, kwa mwanga wa asili tu. Nikiwa ndani namkalisha mteja karibu na mlango, mwanga umpige ubavuni, upande mmoja wa uso ubaki na kivuli. Hapo sina shida.

Shida ni nje, saa sita mchana. Huku karibu na ikweta jua linakaa utosini, macho yanakuwa mashimo. Nikikimbilia chini ya mwembe, majani na nyasi vinarudisha ukijani kwenye ngozi, hasa chini ya kidevu. Nimepima rangi kwa karatasi nyeupe, ili kamera ijue nyeupe halisi ni ipi: uso ukakaa sawa, ila ukuta wa nyuma uliokuwa juani ukawa wa zambarau. Nimemsogeza mteja ukingoni mwa kivuli na kutandika shuka jeupe miguuni pake. Afadhali, lakini akivaa kanzu nyeupe, kanzu inaungua, yaani inakuwa nyeupe tupu pichani, kabla uso haujapata mwanga wa kutosha. Lenzi yangu ni ya milimita 50, f/1.8 (tundu lake la mwanga hufunguka sana).

Wengi watasema nisubiri saa kumi na moja. Wateja wa harusi hawasubiri, jamani.

Naomba kujua: huo ukijani mnauondoaje bila kuharibu rangi ya nyuma? Na kwa ngozi nyeusi na kanzu nyeupe, mnapima mwanga usoni au kwenye nguo?