Picha kuitangulia sauti baada ya kubadilisha video ya simu

Swali

Wakuu, nina video ya dakika 40 niliyoirekodi kwa simu, nayo imo katika faili la MP4. Programu ninayotumia kusimba (kuibana video katika muundo mwingine) iliikataa, nikaibadilisha kuwa AVI kwa kigeuzi kingine. Mwanzoni midomo na sauti vinakwenda pamoja, lakini kadiri video inavyoendelea picha inaitangulia sauti, na mwishoni inamalizika sekunde 8 kabla yake. Je, niikate sauti, au kosa liko kwenye ubadilishaji wenyewe?

Jibu la 1

Usiiguse sauti, ndugu, maana hiyo ndiyo iliyo sahihi. Simu nyingi hurekodi kwa kasi inayobadilika ya fremu, yaani picha moja moja zinazounda video: mwanga ukififia au simu ikielemewa, fremu hupungua, na MP4 huweka kumbukumbu ya wakati wa kila fremu ili ionyeshwe pale panapostahili. AVI haitunzi kumbukumbu hiyo, bali huzipanga fremu zote kwa kasi moja. Tuseme wastani wako ulikuwa fremu 29.9 kwa sekunde: dakika 40 zina fremu 71,760, ambazo zikichezwa kwa kasi ya 30 humalizika katika sekunde 2,392 badala ya 2,400. Fungua faili la asili kwa MediaInfo, programu inayoonyesha taarifa za faili la video. Likionyesha kasi ya chini na ya juu zinazotofautiana, umempata mchawi.

Jibu la 2

Naongeza kwamba MP4 ni kasha tu, yaani faili linalobeba picha na sauti pamoja. Huenda programu yako haikulikataa kasha bali kodeki iliyomo, yaani mbinu iliyotumika kubana picha, kwa kuwa simu nyingi za sasa hurekodi kwa kodeki ya HEVC. Iache hiyo AVI, ambayo pengine imekwisha kupoteza ubora, urudi kwenye faili la asili na FFmpeg (programu ya kubadilisha video kwa amri za maandishi) toleo la 5.1 au jipya zaidi:

`ffmpeg -i asili.mp4 -fps_mode cfr -r 30 -c:v ffv1 -c:a pcm_s16le kati.mkv`

Penye pengo fremu itarudiwa, na kasi itabaki moja hadi mwisho. FFV1, kodeki iliyotajwa kwenye amri, hubana picha bila kupoteza chochote, ila faili litakuwa kubwa mno, hivyo hakikisha diski ina nafasi ya kutosha.

Muulizaji

Nashukuru. MediaInfo imeonyesha HEVC na kasi mbili tofauti, kama mlivyosema. Faili jipya limepokelewa, na safari hii picha na sauti zimemalizika pamoja.