Tupeane uzoefu: gemu limezeeka, sura za wahusika wetu ziboreshwe vipi?

Sangara_Mkavu (Kirumba): Wakuu, kwema? World of Warcraft lilitoka 2004 na hapa Mwanza bado tupo tunaolicheza. Saluni ndani ya gemu ilikuja 2008. Kabla ya hapo nywele ulizoanza nazo ndizo utakazokufa nazo. Deraya yenye nguvu lakini mbaya kuitazama nayo tuliivaa hivyo hivyo hadi 2011, waliporuhusu kuipa mwonekano wa nyingine. Sasa ukiambiwa uchague kitu kimoja cha kuboresha, unachagua nini? Leteni yaliyowakuta, nadharia tunazo za kutosha.

BintiBwiru: Nywele, wala sijiulizi mara mbili. Zamani nikitengeneza binadamu mweusi naona kama nimempaka rangi tu, nywele zimelala utadhani katoka kupigwa pasi. Toleo la Shadowlands, 2020, ndilo lililoongeza rangi za ngozi, sura na mitindo inayofanana na vichwa vyetu. Mdogo wangu hachezi magemu kabisa, ila siku ile alivuta kiti akawa ananielekeza: hapana, msuke ile nyingine! Anayesema huo ni urembo tu, huyo siku zote sura yake ilikuwemo.

FundiMlangoMmoja: Dada, sikupingi, ila mnasahau mashine. Laptopu ninazoletewa hapa nyingi ni za mtumba, na kila sura ikinakshiwa zaidi, mashine inapumua kwa shida. Mwaka 2014 walipotengeneza upya miili ya wahusika wa zamani, waliweka mahali pa kuchagua kubaki na ile ya kale. Hapo walitumia akili. Wapo pia waliobaki nayo kwa mapenzi, maana ukishaishi na sura moja miaka yote hiyo, mtu hawezi kuja usiku akakubadilishia.

Mwl_Nansio: Hilo la kubadilishiwa tumelipata kwenye gemu jingine, Final Fantasy XIV. 2024 walipoandaa picha mpya, walitoa programu ya majaribio kabla ya toleo lenyewe. Watu wakafungua, wakajikuta macho yamepoa, hayana uhai. Kelele zikapigwa, wakarudi kurekebisha. Mimi kilio changu ni kofia. Nilichagua Viera, wale wenye masikio ya sungura walioingia 2019, na kofia nyingi hazikuonekana kichwani kabisa. Unahangaika kuipata, unavaa, kichwa kiko wazi! Kabla ya kuongeza kabila jipya, wawavishe waliopo.

Abiria_wa_Busisi: Mimi ni mtu wa simu. Old School RuneScape lilipoingia kwenye simu 2018 nikawa nalicheza nikisubiri kivuko pale Kigongo, enzi daraja halijafunguliwa. Kamera iko juu, mhusika analingana na ukucha. Kupima urefu wa pua kutanisaidia nini? Nipeni rangi za nguo, nimtambue mwenzangu kwa mbali kwenye msongamano. Halafu kule nyongeza kubwa hupigiwa kura na wachezaji kwanza. Wengine waige.

BintiBwiru: Kaka wa Busisi, rangi za nguo nakuunga mkono. Ila pua yangu usiifute. Pale kwenye ukurasa wa kuchagua mhusika anasimama mbele yangu mzima mzima, kila ninapoingia.